Moyo wa mtu mmoja umefunga karakana nzima Keko. Hasara hii inaandikwa kwenye kitabu gani?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani karibu miaka miwili.

Kaka yangu ni fundi samani pale Keko. Wa Dar mnapajua: ukitaka kitanda cha tano kwa sita, kabati au seti ya sofa unaenda Keko, mnapatana bei barabarani, unaacha advansi. Yeye alianza kama kijana wa kupiga msasa, akapanda taratibu hadi akawa na karakana yake, mashine ya randa, msumeno wa meza na vijana wanne. Mwaka juzi, akiwa na miaka 49, akaanza kuchoka. Kushusha ubao wa mninga kutoka kwenye kirikuu na kuuingiza ndani anapumzika mara mbili njiani. Usiku anapanga mito mitatu, akilala chali pumzi inakata. Miguu ikavimba hadi viatu vya kazi vikawa havimwingii. Sisi tukasema ni uchovu, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Tulipompeleka kwenye kipimo cha eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari akatugeuzia kioo tuone wenyewe: moyo umetanuka, unasukuma damu kwa kujikongoja. Chanzo ni presha ya miaka mingi.

Na presha yenyewe haikuwa siri. Ilionekana miaka sita kabla, kwenye banda la kupima bure Sabasaba. Akaandikiwa vidonge, akameza miezi mitatu, akajisikia mzima, akaacha. Huyu ni fundi ambaye hapigi vanishi kwenye mbao mbichi hata mteja amsimamie kichwani, kwa sababu anajua itakuja kupasuka. Hakuna aliyemweleza habari za mwili wake kwa lugha hiyo.

Kilichonifanya niandike ni daftari la shemeji yangu. Ni kaunta buku la kawaida, jalada la kijani, alikuwa anaandikia hesabu za genge lake. Kurasa za mwanzo ni nyanya, vitunguu, mchicha, nani kakopa, nani kalipa. Katikati mwandiko unabadilika. "Eko." "Damu, figo." "Dawa ya kukojoa." "Bajaji kwenda na kurudi 14,000." "Uji na chapati." Kwa muda mambo haya yanaandikwa pamoja, nyanya juu, hospitali chini. Kisha nyanya zinapungua. Kurasa za mwisho hakuna nyanya kabisa.

Siku moja nikamwuliza, "Shemeji, mpaka sasa ugonjwa huu umekula shilingi ngapi?" Akajumlisha vidole vikicheza kwenye simu, akanitajia. Nikamwambia hizo ni za hospitali. Tukakaa kwenye mkeka, tukaanza kuhesabu zile ambazo hazina risiti.

Randa iliuzwa mwezi wa tatu wa ugonjwa, kwa bei ya mtu mwenye shida. Wateja watatu walikuwa wameacha advansi na kazi zao hazijakamilika, ikabidi warudishiwe, na hela ya kuwarudishia ilitoka kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Wale vijana wanne: mmoja karudi kwao Singida, wawili wanabeba zege, mmoja anaendesha bodaboda ya mkataba. Walikuwa wanajifunza ufundi, na ufundi ule umekatikia hapo walipofikia. Mama lishe aliyekuwa anawaletea sahani tano za mchana kapoteza sahani tano. Mwenye kirikuu kapoteza safari zake. Binti wa kidato cha tatu katolewa bweni, sasa anatembea kwenda shule na kurudi, akifika nyumbani ndiye anayempikia baba yake chakula kisicho na chumvi. Genge limekufa kwa sababu mwenye genge ndiye muuguzi. Bado sijataja kundi la ukoo la WhatsApp: watu 41 tumechanga mara tatu, na kila shilingi iliyotumwa ilikuwa na kazi nyingine, ada, mbegu, mabati.

Tulipomaliza, zile zisizo na risiti zilikuwa zimeziacha mbali zile za hospitali.

Nikaanza kutafuta kama wachumi wanaliona hili. Wanaliona, kwa sehemu. Mwaka 2011 Jukwaa la Uchumi Duniani na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa makadirio kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliigharimu dunia dola bilioni 863 kwa mwaka 2010 peke yake, na kwamba kufikia 2030 gharama hiyo itapita dola trilioni moja kwa mwaka. Kinachogusa hoja yangu ni mgawanyo: asilimia 55 hivi ni matibabu, na 45 iliyobaki ni kazi ambayo haikufanyika, kwa sababu mtu kaugua au kafa kabla ya wakati wake. Karibu nusu, wakuu, tena kwa dunia nzima, ambamo zimo nchi zenye bima, pensheni na hospitali za gharama kubwa. Kwenye nchi ambako matibabu yenyewe wengi hawayafikii, upande wa kazi iliyopotea lazima uwe mzito zaidi.

Hoja yangu ni hii. Ugonjwa wa moyo tunauongelea kama habari ya hospitali: mashine, madaktari bingwa, upasuaji. Mimi nasema ni habari ya uchumi kama ilivyo bei ya mafuta. Unawachukua watu wakiwa katikati ya kuzalisha, unavuta na waliowazunguka, na sisi tunaulipia mwishoni kwa bei ya juu kabisa kwa sababu mwanzoni, kwa bei ya kidonge, hatukulipa. Vidonge vya kaka kwa mwezi mzima havikuwa vinafika bei ya ubao mmoja wa mninga.

Karibuni tujadili.

#2

Pole sana mkuu, na Mungu ampe nafuu kaka.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya, kliniki ya presha na sukari. Nataka niwatetee kidogo wanaoacha dawa, maana wanalaumiwa sana. Kliniki yetu ni siku moja kwa wiki. Mama anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, anakaa benchi hadi saa sita, anapimwa, anaandikiwa vidonge vya siku 30, mara nyingine anaambiwa akanunue nje kwa sababu dirishani vimeisha. Mwezi ujao arudi tena. Kama anakaanga samaki au anauza vitumbua, kila siku ya kliniki ni siku bila mauzo. Kidonge ni bei rahisi, siku ndiyo ghali. Mwezi wa tatu anajipima mwenyewe: kichwa hakiumi, naenda kupoteza siku kwa nini?

Jambo linaloniuma ni kwamba njia tunaijua. Kwa wenye VVU tuliweza. Tangu 2004 dawa zao ni bure, mgonjwa aliye imara anachukua za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na akipotea kuna mtu wa kumfuatilia hadi mtaani kwake. Mgonjwa wa presha akipotea hakuna anayegundua mpaka siku analetwa amebebwa.

Na ni wengi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulionyesha karibu watu 26 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote karibu nusu ya wenye presha hawajui kama wanayo, na aliyeidhibiti vizuri ni kama mmoja kati ya watano. Hapo kwenye benchi langu sioni hata hao wote.

#3

Mleta uzi pole kwa yaliyowakuta. Ila naomba tuwe wakweli. Nchi hii bado watoto wanakufa kwa malaria, wajawazito wanakufa wakijifungua. Bajeti ya afya ni ile ile. Magonjwa ya moyo ni ya wazee na ya watu waliokula wakashiba. Tukiyapa kipaumbele si tutakuwa tunawaiga wazungu kwa shida zao? Nauliza kwa nia njema.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, nashukuru umeuliza wazi, maana hata mimi niliamini hivyo mpaka nilipokaa kwenye foleni ya kliniki ya moyo. Wale si wazee. Nilikaa katikati ya dereva wa lori, mwalimu wa shule ya msingi, na dada mmoja aliyenyonyesha huku anahema: moyo wake ulidhoofika baada ya kujifungua, daktari akatueleza kwamba hali hiyo ipo na Afrika inaonekana sana.

Nikatafuta takwimu kuona kama foleni ile ilikuwa bahati mbaya tu. Kuna utafiti ulichapishwa 2012, wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Karibu nusu chanzo kilikuwa presha. Ndani ya miezi sita zaidi ya mmoja kati ya sita alikuwa amefariki. Hapa hapa Muhimbili, utafiti ulioongozwa na Dkt. Abel Makubi ukatoka 2014: wagonjwa 427, wastani wa miaka 55, na presha tena ndiyo inaongoza. Ulaya na Marekani ugonjwa huu huu unawakuta watu wengi wakiwa wamepita miaka 70, wamestaafu, watoto wamekua, nyumba imelipwa.

Sasa tuweke hesabu ya uchumi juu ya hapo. Mzee wa miaka 75 akiugua, familia inaumia, ila karakana ilishapata mrithi. Mtu wa miaka 50 akiugua, anakuwa ana wanafunzi wa ufundi, ana watoto shuleni, ana wazazi anaowatumia hela kijijini, ana deni la mbao. Wazungu wanapoteza miaka ya mwisho ya mtu. Sisi tunapoteza ile ya katikati, ambayo ndiyo inabeba wengine. Zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa haya duniani vinatokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo hatumwigi mtu, mkuu. Yako kwetu.

Kuhusu malaria na uzazi sina ubishi na wewe, na sitaki shilingi moja itoke huko. Ila yule dada aliyekuwa ananyonyesha akiwa anahema, yeye tumweke kwenye fungu gani, la uzazi au la moyo?

#5

Nimesoma nikashindwa kupita bila kuandika. Mimi nipo Mwanza, nilikuwa nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nanunua kwa jumla kutoka visiwani, nasafirisha mikoani.

Mwanangu wa kwanza akiwa na miaka tisa alikuwa anaumwa koo mara kwa mara. Mafindofindo. Nilimpa maji ya moto ya chumvi, nikampa panadol. Mara ya tatu au ya nne, bibi yake akasema mtoto ana kimeo, akapelekwa kukatwa. Sikukataa, na mimi nilikatwa nikiwa mdogo. Baadaye magoti yakavimba, yakapoa, ikahamia kiwiko. Wakasema baridi yabisi. Ikaisha, nikasahau. Alipofika darasa la saba hawezi kukimbia mchakamchaka. Anasimama, ameshika kifua, shati unaliona linaruka hapa kushoto kwa namna moyo unavyopiga.

Kumbe wale wadudu wa kooni wakiachwa, kwa baadhi ya watoto mwili unapopigana nao unaishia kushambulia vali za moyo wake wenyewe. Vali zinakakamaa, hazifungi, hazifunguki. Daktari aliniambia penisilini ilitosha kipindi kile cha koo. Dawa ambayo ipo duniani tangu enzi za babu zangu.

Alifanyiwa upasuaji Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akawekewa vali ya bandia. Nashukuru kila siku kwamba taasisi ile ipo. Kabla haijaanza 2015, watoto wengi wa namna hii safari yao ilikuwa India, na waliokosa nafasi walibaki kusubiri. Lakini upasuaji si mwisho wa matumizi. Anameza wafarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali, na damu lazima ipimwe mara kwa mara: ikiwa nzito sana ni kiharusi, ikiwa nyepesi sana anavuja damu. Kuna sindano ya penisilini kila wiki nne, homa ya koo isirudi ikala vali nyingine. Kila kipimo, nafunga biashara. Msimu wa dagaa haukusubiri wewe umalize kliniki. Wateja wangu wa Dodoma na Morogoro walishapata mtu mwingine, mtaji umeisha, na soko la jumla ukishatoka kurudi ni vita.

Na ni binti. Daktari ameshaniambia kwa upole kwamba akija kuolewa, kupata mimba akiwa na vali ile na dawa ile ni hatari kubwa. Hiyo nayo iingizeni kwenye gharama, kama kuna mtu anajua namna ya kuiandika.

#6

Mungu akutie nguvu dada #5. Huku kwetu Mombasa twafanya harambee, kila wiki kwenye kundi la mtaa kuna mgonjwa mpya na namba ya kutuma pesa. Mwaka huu nimechangia wa moyo watatu na wa kiharusi wawili. Sijapata kuona harambee ya kuchangia watu wapimwe presha.

#7

Naomba nichangie kwa upande wa waajiri, mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Kwa mafua au mguu uliovunjika zinatosha. Kwa moyo hazitoshi, kwa sababu moyo hauponi kama mfupa. Mtu analazwa, anatoka, anarudi kazini, baada ya wiki nane amelazwa tena. Siku zinaisha, na ndipo mazungumzo ya kumaliza mkataba yanapoanza. Nimekaa kwenye vikao hivyo viwili. Sipendi kuvikumbuka.

Hela inayoonekana kwenye vitabu vyetu ni mshahara wa likizo na nyongeza ya bima. Isiyoonekana ni kubwa kuliko hiyo. Dereva wetu wa miaka 16 barabarani alibanwa na kifua akiwa na mzigo wa kwenda mpakani. Akaegesha gari salama, Mungu ambariki. Gari likakaa siku mbili likisubiri dereva mwingine. Mzigo ukachelewa, mteja akakata kwenye malipo. Dereva mpya akachukua miezi kuijua njia, mahali pa kulaza gari, mlima gani unashuka na gia gani. Kwenye mafaili haya yote yameandikwa "ucheleweshaji". Neno moyo halimo popote. Ndiyo maana ukimwuliza bosi ugonjwa wa moyo unamgharimu kiasi gani, atakujibu haumgharimu kitu.

Na huyo ni mwajiriwa. Fundi wa Keko hana hizo siku 126. Siku yake ya kwanza ya ugonjwa ndiyo siku yake ya kwanza bila kipato.

#8

Wakuu, nipo Joensuu, Ufini, mwaka wa pili wa masomo. Nimeona uzi huu usiku nikasema lazima niandike, kwa sababu mji ninaokaa ndio makao makuu ya mkoa wa Karelia Kaskazini, na historia yake ni ya jambo hili hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa mkoa huu walikuwa wanaongoza duniani kwa kufa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Si matajiri: wakata miti na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu wa kazi ngumu. Walikuwa wanaanguka wakiwa na miaka 40 na kitu, wanaacha wajane na mashamba. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa wakapeleka ombi serikalini wasaidiwe. Mwaka 1972 mradi ukaanza, ukiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska, na hawakuanza kwa kujenga hospitali ya moyo. Walikwenda kwenye siagi, maziwa yenye mafuta mengi, chumvi, sigara na presha. Vyama vya akina mama wa vijijini vikafanya karamu za kupika vyakula vile vile vya asili kwa mafuta kidogo na mboga zaidi. Wauguzi wakapima presha mtaa kwa mtaa.

Sehemu inayonigusa ni ya uchumi. Mkoa huu ulikuwa unaishi kwa maziwa na siagi, kwa hiyo kuwaambia watu wapunguze siagi ilikuwa ni kugusa mfuko wa jirani yako. Wafugaji walipinga, na walikuwa na haki ya kuogopa. Suluhisho mojawapo lilikuwa kuwasaidia baadhi yao wahamie kwenye kilimo cha matunda madogo madogo ya huku, yanayostahimili baridi. Leo ukienda sokoni hapa wakati wa kiangazi meza zimejaa matunda hayo.

Kwa miongo minne vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Walioanza hawakuwa nchi tajiri kama tunavyoiona leo, na sehemu kubwa ya walichofanya haikuhitaji mashine. Kwa Afrika, Afrika Kusini iliweka kisheria ukomo wa chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya viwandani, ikaanza kutumika 2016. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo ya mkate, ya supu na ile unayonyunyizia chipsi.

#9

Naomba nirudi, mimi muuguzi wa #2. Kaka wa Ufini umenigusa hapo kwenye wauguzi mtaa kwa mtaa. Mashine ya presha haihitaji jengo. Inahitaji mtu na daftari. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanapita kuulizia chanjo na wajawazito. Wakipewa mashine na ruhusa ya kupeleka vidonge kwa mgonjwa aliye imara, nusu ya benchi langu ingebaki kazini kwake siku hiyo.

#10

Mleta uzi, mimi yule wa #3. Nimekuelewa. Nimekwenda kupima leo mchana duka la dawa hapa Mbagala, 164 kwa 101. Nina miaka 38. Naanzia wapi?

#11 Mleta uzi

Mkuu #10, usiogope. Pumzika siku mbili tatu, pima tena asubuhi ukiwa umekaa na kutulia, kisha nenda kituo cha afya na hivyo vipimo umeviandika kwenye karatasi. Usinunue dawa ya jirani, na ukipewa yako usiiache ukijisikia vizuri. Ukishindwa gharama au foleni, njoo PM tutafute njia.

Dada wa Mwanza, sina la kukuambia zaidi ya pole. Nimemsomea shemeji maneno yako, akanyamaza muda mrefu, akasema mwambie nyanya zangu na dagaa zake zilikufa ugonjwa mmoja.

Ndugu mhasibu, umenipa neno nililokuwa nalitafuta: ucheleweshaji. Nadhani nchi nzima tunaandika hivyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilikadiria kwamba kila dola moja inayowekwa kwenye hatua za kuzuia na kudhibiti magonjwa haya yasiyoambukiza kwenye nchi kama zetu, ifikapo 2030 inarudisha angalau dola saba. Sijui biashara nyingi halali pale Keko zinazorudisha saba kwa moja. Na sheria ya bima ya afya kwa wote tunayo tangu 2023. Ombi langu kwa wanaopanga kitita chake ni kwamba kidonge cha presha na sindano ya penisilini viwekwe juu kabisa, kabla ya mashine yoyote.

Sasa niwape habari za nyumbani. Kaka anaendelea kidogo. Miguu imepungua, analala na mto mmoja na nusu. Kubeba mbao ndiyo basi, daktari amekataa. Ila amerudi Keko mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye kigoda kwenye karakana ya rafiki yake, anakagua maungio na kuwaelekeza vijana wa pale. Analipwa kidogo. Amesema ni heri kuliko kutazama dari.

Ile hela iliyobaki kwenye mchango wa tatu, ukoo tulikubaliana tununue mashine ya kupimia presha, ya mkononi, ya betri. Jumamosi iliyopita jioni, baada ya vijana kufagia vumbi la mbao, tukaiweka kwenye meza ya randa ya huyo rafiki yake, na muuguzi mmoja rafiki yetu akaja kupima. Mafundi walikuwa wanacheka na kusukumana. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mpiga vanishi, miaka 34, mabega kama mlango. Mashine ikasoma 178 kwa 112. Akasema hapana, hiyo mashine mbovu, pima tena. Akapimwa tena, ikaja 176. Vicheko vikaisha pale pale. Kaka akamsogezea kigoda, akamwambia kaa, mimi nilikuwa kama wewe, naweza kuinua kabati peke yangu.

Majina yaliandikwa kwenye kaunta buku lile lile la shemeji, kuanzia kurasa za nyuma. Mstari wa mpiga vanishi unasomeka: 178/112, Jumatatu kituo cha afya, fundi mkuu atampeleka. Jumatatu kaka alipanda naye bajaji saa kumi na mbili asubuhi, na jioni shemeji akaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: kapewa za mwezi, arudi tarehe 14.